Mfungisha Ndoa Asiye na Uso

Mtu hajioni akilala. Najua tu kwamba mvua inapiga bati la wodi, kwamba ni alasiri lakini ukungu wa Tukuyu umeshuka hadi madirishani na taa zimewashwa mapema, na kwamba mama mkwe wangu ananiambia, lala, Subilaga, lala mwanangu, mimi nipo, nitamwangalia. Siwezi, mama, namjibu. Mtoto wangu yuko kwenye kitanda kidogo ubavuni pangu, wa kiume, hajatimiza hata wiki duniani, na kitovu chake kinatoa damu. Damu yenyewe haina kasi, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi, inatoka polepole, bila papara, mithili ya mgeni aliyejua tangu mlangoni kwamba hapa atalala. Wanaweka shashi nyeupe, inakuwa ya waridi, inakuwa nyekundu, wanaitoa, wanaweka nyingine. Nilijifungulia nyumbani kwa sababu siku ile kilima kilikuwa kimeporomokea barabara na hakuna gari lililoweza kupita, jirani akampokea mtoto kwa mikono safi na wembe mpya, mtoto akalia vizuri, akanyonya vizuri, tukapiga vigelegele. Leo asubuhi nimemfungua nguo nikakuta damu.

Sista Tusajigwe, muuguzi wa zamu, ananieleza kwa sauti ya chini huku akibonyeza shashi kwa vidole viwili. Damu ya mtoto haigandi, mwalimu. Ananiita mwalimu kwa kuwa nafundisha biolojia sekondari na binti yake yuko darasani kwangu. Amepungukiwa na vitamini K, anasema. Sisi wakubwa nyingine tunaipata kwenye mboga za majani, nyingine tunatengenezewa na bakteria wanaokaa tumboni mwetu, lakini tumbo la huyu bado jipya, hawajahamia. Ndiyo maana watoto huchomwa sindano ya vitamini K wakizaliwa. Huyu tumemchoma sasa hivi, dawa imeshaingia. Na sasa? namuuliza. Sasa tungoje, dawa inataka saa zake. Ikifika jioni damu haijakata itabidi apelekwe Mbeya, akaongezewe damu, na barabara ya Mbeya, anaanza kusema, na hamalizi, na mume wangu Lusekelo, aliyesimama mlangoni na koti linalotiririka maji, anammalizia. Imefungwa. Nimetoka kuitazama, hata pikipiki haipiti.

Hawajahamia. Neno hilo linanibaki kichwani. Haya mambo nayajua, nimeyafundisha, nimechora ubaoni kimeng'enya, yaani ile protini inayoifanya kazi iende mbio ndani ya seli, inayounganisha hiki na kile na yenyewe ikabaki kama ilivyokuwa. Leo tangu asubuhi nimekuwa nikisoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha, nimesoma kwamba vitamini hii ina kichwa cha pete mbili zilizoshikana na ina mkia mrefu, na kwamba ndani ya bakteria kuna kimeng'enya ambacho kazi yake yote maishani ni moja, kukifunga kichwa kwenye mkia. Najua, na kujua hakusaidii kitu, nimekaa na ujuzi wangu mapajani na damu inatoka. Mama mkwe ananiwekea kiganja machoni, kiganja chake kinanukia sabuni na moshi wa kuni, na kwa upenyo wa vidole vyake naitazama shashi. Doa linapanuka. Lina kingo, lina vijito pembeni, lina tambarare katikati, na kadiri ninavyolitazama ndivyo ninavyoona kwamba si doa, ni nchi inayotazamwa kutoka juu, na mimi naishukia.

Nasimama barabarani. Ni barabara ya udongo mwekundu, umelowa lakini hakuna mvua, kuna mwanga lakini hakuna jua, mwanga unatoka chini, unapenya udongo na kunimulika nyayo. Natembea, njia inagawanyika, nashika ya kulia, zinakutana tena, nashika ya kushoto, zinakutana tena, na kila zinapokutana naliona jiwe lilelile lenye ufa uleule, nami sijui kama narudi nyuma au kama jiwe linanitangulia. Halafu ardhi inafunguka na naona miji miwili. Imetazamana, na katikati yake unapita mto. Miji inafanana hadi pembe za mapaa, hadi idadi ya milango, mmoja ni kioo cha mwenzake, ila ule wa kulia unafuka moshi na una makelele ya nyundo na vinu na nyayo za watu, na ule wa kushoto uko kimya. Milango yake imefunguliwa yote. Majiko yake hayajawahi kuwashwa. Hakuna aliyeniambia, lakini najua mji wa kulia ni mimi, na ule wa kushoto, mpya, uliofagiliwa, usio na hata nyayo moja, ni mwanangu. Na mto ni mwekundu, na ukingo wake wa kushoto umebomoka, na mto unamwagika nje ya nchi, taratibu, hauna papara.

Penye njia panda amesimama mtu aliyejifunika blanketi. Nafurahi kuona mtu. Namkaribia, na nikiwa hatua chache kutoka kwake naona kwamba hana uso. Uso haukukatwa wala haukufunikwa, pale unapokaa uso pana ngozi tupu iliyonyooka, laini kuliko yai lililomenywa. Nataka kukimbia na miguu haitaki. Ugonile, ananiambia. Ndivyo tunavyosalimiana kwetu Wanyakyusa, maana yake umelala, na tunajibu bila hata kufikiri, nami bila kufikiri namjibu, ee, nimelala. Nikishasema nahisi kwamba kuna jambo nimelikubali. Blanketi linacheza, nadhani anacheka. Namwambia, ndugu yangu, ule mto unaomwagika, nani anaweza kuuziba? Anasema, kitendawili. Na mdomo wangu, mdomo uliofunzwa utotoni kando ya moto wa jikoni, unaitika wenyewe, tega. Anatega. Wapo kingoni maelfu, mikono wanayo, kushika hawawezi.

Nageuka nautazama mto. Ni kweli, ukingo uliobomoka umejaa watu, wamesongamana mabega kwa mabega, wameinama, wanachota udongo na mawe na kuyapeleka penye pengo, na kila wanachochota kinawaponyoka. Sioni kwa nini. Nasema, ni maiti. Siyo. Nasema, ni samaki. Siyo, umeshindwa, nipe mji. Nusura nicheke, kwa sababu ni mchezo wa watoto huu, ukishindwa kitendawili unatoa mji, tulikuwa tukigawa miji ya watu usiku kucha bila kujali, kwa hiyo namwambia, haya, nakupa Mombasa. Asiye na uso anatikisa kichwa. Mji usioukanyaga si wako kutoa. Nipe ulimokaa. Namwambia, basi chukua Morogoro, maana nilisomea ualimu kule, na kabla sijafunga mdomo nahisi kitu kinang'olewa. Kulikuwa na milima. Kulikuwa na rafiki niliyelala naye chumba kimoja, alikuwa akiimba akifua, alikuwa anaitwa, alikuwa anaitwa nani. Natafuta na sipati, nabaki na umbo la shimo tu. Mbali, ukingoni mwa ile nchi, taa ambazo sikuwa nimeziona zinazimika zote kwa pamoja, ndipo najua kwamba zilikuwepo. Sasa ananipa jibu, kama ilivyo kanuni. Ni mafundi wa kingo, anasema, watazame mikono. Natazama tena. Viganja vyao havina vidole. Ni viganja vitupu, mviringo, na jiwe linateleza juu yake na kuanguka mtoni. Vidole vyao hutengenezwa mjini, anasema asiye na uso, na mji wao hauna watu. Nenda kwako ukamtafute mfungisha ndoa. Namuuliza anakaa nyumba ipi. Anasema, ile inayotembea.

Naingia mji wa kulia, mji wangu, na hakuna anayenikaribisha. Mitaa inajikunja, naingia uchochoro na kutokea uchochoroni humohumo, kuta zina unyevu na zinapumua. Watu ni wengi kuliko soko la siku kuu, na wote hawana nyuso, na hakuna anayempisha mwenzake wala kumgonga. Kila mmoja ana kazi moja. Huyu anapinda kitu chembamba mpaka kinakuwa pete, anampa wa pili bila kugeuka, wa pili anashikiza pete nyingine ubavuni mwake, anampa wa tatu, wa tatu anakwangua kipande kidogo na kukitupa, anampa wa nne. Hawapumziki. Nawaambia, ndugu zangu, mtoto wangu anakufa ng'ambo, njooni. Hawasikii, hawana masikio. Nafuata pete inavyopita mkono hadi mkono, nainama chini ya mabega yao, nafuata, barabara inanigeuka chini ya miguu na kunirudisha, nafuata tena, hadi inaingia kwenye chumba chembamba ambako ameketi mwanamke peke yake.

Naye hana uso, lakini kifuani ana uwazi, ni mahali palipochongwa, pana mifuko miwili inayotazamana. Pete inaingia mfuko mmoja. Kutoka upande wa pili unaingia mkia, mrefu, uliosukwa, unakuja ukijiburuta sakafuni. Mwanamke anajifunga, anajifungua, na vilivyokuwa viwili vimekuwa kimoja, kichwa na mkia wake, cha rangi ya manjano, kinang'aa kidogo, kinaondoka mikononi mwake na kuna kingine kinachongoja kuingia. Anajifunga, anajifungua. Namtazama na machozi yananitoka bila kujua ni ya hofu au ya kitu kingine. Dada, namwambia, shikamoo, nimetumwa kwako, kuna mji ng'ambo ya mto, mafundi wake hawana vidole, tafadhali twende. Yeye anasikia. Sijui anasikilizia nini, lakini anasikia. Mimi siendi, anasema, mimi hubebwa. Nyumba yangu ndiyo inayotembea, chungulia nje. Nachungulia dirishani, na naona kwamba nyumba za mji wangu, chache chache, zinanyanyuka kwenye misingi yake na kuondoka, zinajongea kuelekea mtoni ambako kuna daraja jeupe la maziwa, zinavuka moja moja, polepole mno, kila moja na mafundi wake ndani. Kumbe wanahamia! Wanahamia, anasema. Watafika lini? Watafika. Lini, dada? Anajifunga, anajifungua. Watafika, anasema, swali ni kama wataukuta mji.

Namwambia, basi nipe mimi ulivyokwisha kuviunganisha, nivipeleke kwa mikono yangu. Anasema, kitendawili. Sitaki kuitika. Nauma ulimi hadi nasikia chumvi, na mdomo unaitika hivyohivyo, tega. Nafungisha ndoa mchana kutwa, mwenyewe sijaolewa. Nasema, mchungaji. Siyo. Kadhi. Siyo, umeshindwa, nipe mji. Nje, kutoka ng'ambo, nasikia udongo ukimeguka na kuangukia maji. Nipe mji ulimokaa, anasema. Nampa Kyela. Nampa nyumba ya baba yangu, na mashamba ya mpunga na joto lake na miti ya kokoa nyuma ya choo, na mahali nilipozikiwa kitovu changu mwenyewe, nayatoa yote kwa neno moja, na yote yanaondoka kimya, na sasa siwezi hata kuwaambia nilitoa nini, nakumbuka tu kwamba nililitamka neno hilo na kwamba nilikuwa nalia. Haya, anasema, nimeula mji, lakini jibu sikupi, hili langu halina kanuni hiyo, jibu tena. Nafungisha ndoa mchana kutwa, mwenyewe sijaolewa.

Na mimi nalijua! Hilo ndilo linalonitesa, neno lenyewe nimeliandika ubaoni mwaka hadi mwaka, naona chaki, naona mkono wangu ukiandika, naona wanafunzi wakinakili, na palipoandikwa pameng'aa hapasomeki. Linanikwama kooni. Nasema, sindano na uzi. Siyo. Safari hii haniambii nipe mji, ananyanyuka, mara ya kwanza ananyanyuka, ni mrefu hadi dari, na ule uwazi wa kifuani mwake uko usawa wa uso wangu na naona unaweza kuniingiza mzima. Mji unaokaa sasa, wa baridi na ukungu, siutaki, anasema, Tukuyu yako kaa nayo. Nipe ule wa ng'ambo. Upi, nauliza, ingawa najua. Ule uliofagiliwa. Mpya. Nipe ule. Namwambia, hapana. Umeshindwa kitendawili, anasema, kanuni ni kanuni, utaje jina niuchukue. Na hapo, sijui nani ananipa, labda ni wale bibi zetu waliokuwa wakikataza mtoto kutajwa mapema, nasikia sauti yangu ikisema, hauna jina. Tulikuwa tunangoja kitovu kikatike ndipo tumpe jina, na kitovu hakijakatika. Mji ule hauna jina. Nitautajaje?

Mji mzima unasimama. Anayepinda pete anasimama na pete imepindika nusu, anayekwangua anasimama, nyumba zilizoko darajani zinasimama. Sijawahi kusikia ukimya wa namna hiyo, ni ukimya wa mwili uliositisha kupumua. Usio na jina hautajwi, anasema mwanamke, polepole, ni kama anasoma kitu kilichoandikwa mbali. Usiotajwa hautolewi. Anakaa chini. Na kwa kuwa kila kitu kimenyamaza nasikia sauti ya mtoto ng'ambo, nyembamba, si kilio, ni ile sauti ya kuguna anayofanya akitafuta ziwa. Namtazama mwanamke. Namtazama pale alipojifunga na kujifungua mara zisizo na hesabu, na sioni mkwaruzo, sioni alama, ndoa zote hizo zimepita ndani yake na hakuna iliyompunguza wala kumwongeza. Na koo linafunguka. Wewe ni kimeng'enya, namwambia. Unaunganisha wawili na unabaki ulivyokuwa. Wewe ni kimeng'enya.

Umenitaja, anasema. Sijui kama ni shukrani au ni tishio, nadhani ni vyote. Anakusanya vilivyo mbele yake, vile vya manjano, vichwa na mikia, ananijazia kwenye upande wa kitenge changu, vina uzito wa mafuta. Sikia, mama wa asiye na jina, ananiambia, utavuka na hivi, na mafundi watapata vidole. Lakini miji hii inatofautishwa na kitu kimoja tu, mmoja una watu na mwingine hauna. Ukishaupelekea kazi yetu, miji itafanana. Utakapotaka kurudi hutajua ni upande upi uliotoka. Namuuliza, sasa nifanyeje nikitaka kurudi? Tayari ameshajifunga, na akijifungua hanijibu tena, kazi imeanza upya mji mzima na hakuna anayenijua.

Daraja la maziwa ni la nyumba tu, miguu yangu inazama, kwa hiyo naingia mtoni. Maji yake ni ya vuguvugu, yananukia chuma, yananifika kifuani, naviinua vile vya manjano juu ya kichwa na kwenda. Mto unanivuta kuelekea kwenye pengo. Ng'ambo ya pengo sioni kitu, hakuna nchi, ni weupe tu, weupe wa shashi, na naelewa kwamba kila kinachopita pale hakirudi. Mafundi wananiona, au wanahisi, wananinyooshea viganja vyao vya mviringo. Namwekea wa kwanza. Kile cha manjano kinamwingia kiganjani na vidole vinachomoza, vikali, vimepinda mithili ya makucha, navyo vinaninasa mkono kwanza kabla havijanasa jiwe, navuta, ananiachia ngozi yangu ikiwa imechubuka. Anageuka, anashika jiwe, na jiwe halimponyoki. Namwekea wa pili. Wa tatu. Wanasukumana sasa, wananipanda mabegani, vidole, vidole, vidole kila mahali, na mkono wangu kwenye kitenge unagusa chini, vimekaribia kwisha, na wenye viganja vitupu bado ni maelfu. Nawaambia vimekwisha, ndugu zangu, vimekwisha. Basi kitu kinanidondokea usoni. Kizito, laini, cha manjano. Kinadondoka kingine. Kutoka juu kabisa, kutoka mahali ambapo hapakuwa na mbingu, inashuka mvua ya mafuta ya manjano, bila sauti, inawaangukia mafundi viganjani na vidole vinachomoza kila upande, na nafikiria sindano ya Sista, nafikiria pia kitenge changu kitupu, na sijui ni kipi kilichotangulia kufika.

Wanajenga. Sijawahi kuona ujenzi wa hivyo, wanashikana wenyewe kwa wenyewe, mtu anakuwa tofali, anamshika mwenzake kiunoni, na mwingine anamshika yeye, na pengo linapungua, na mto unaanza kurudi njiani kwake. Nashangilia. Nashangilia hadi ninapoona kwamba ukuta unapanda pande zote mbili zangu na mimi niko ndani yake. Nawapigia kelele. Wana vidole sasa, lakini masikio hawana. Mmoja amenishika mguu, anataka kunijenga. Namgongagonga kwa jiwe, mguu unachomoka, napanda migongo yao hadi juu ya ukuta ambako bado pana nafasi ya mtu mmoja kupita, na nikiwa pale natazama kulia na kushoto. Miji miwili. Yote inafuka moshi. Yote ina nyundo na vinu. Milango ile ile, mapaa yale yale, na barabara nyekundu inayotoka katika kila mmoja inakuja hadi miguuni pangu. Subilaga, inaniita sauti ya mama mkwe kutoka kulia. Subilaga, inaniita sauti ile ile kutoka kushoto. Nafasi inazidi kuziba, vidole vinapapasa kifundo cha mguu wangu. Hakuna wa kumuuliza. Narukia mmoja.

Kiganja kinanitoka machoni. Subilaga, amka mwanangu, amka. Mama mkwe ameniinamia, uso wake wote upo, makunyanzi, pengo la jino, macho yaliyovimba, na naushika kwa mikono yangu miwili mpaka ananiuliza, una nini wewe? Namuuliza mtoto yuko wapi. Anasema, tazama. Lusekelo amepiga magoti kando ya kitanda kidogo, koti lake bado linatona maji, na anainua shashi kwa kidole kimoja kunionyesha, na shashi ni nyeupe. Imekaa muda mrefu hii, anasema, hatujaibadilisha. Imekata, mke wangu. Sauti yake inavunjika hapo, analia mwanamume mzima, na mama mkwe anaanza kumshukuru Mungu kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya juu, hadi mgonjwa wa kitanda cha mwisho anaitikia. Nataka kulia nao. Lusekelo anajifuta uso kwa mkono wa shati, anasema, ngoja nimpigie mama yako, toka asubuhi hajala, simu nitaazima, Kyela nzima inaomba. Namtazama. Namuuliza, wapi? Kyela, anasema. Anasubiri. Nalisikia neno, lina silabi, linapita, na nyuma yake hakuna kitu, hakuna nyumba, hakuna njia. Naitikia kwa kichwa kwa sababu ananitazama na furaha yake sitaki kuigusa. Mama mkwe anasema, ni usingizi, mwache, usingizi wa uzazi humchanganya mtu, na anamwinua mtoto na kuniwekea kifuani.

Anatafuta, anaguna, anapata. Anavuta kwa nguvu hadi naumia, na maumivu yananishuka hadi tumboni, mazuri, ya kweli, na maziwa yanatoka, na nayaona yakimjaa mdomoni, meupe, na yanatiririka kidogo shavuni. Mkono wangu uliomshikilia una michubuko karibu na kifundo, midogo, imepinda. Labda ni kucha zangu. Ukungu umefunika dirisha lote, mvua imekatika au nimeacha kuisikia, na kutoka upande wa pili wa ukuta, sijui ni jikoni mwa hospitali, sijui ni wapi, nasikia kitu kinagongwa, na kingine, bila kupumzika. Sista Tusajigwe yuko kwenye sinki mwisho wa wodi, ametupa mgongo, ananawa mikono. Ananawa taratibu, kidole kwa kidole. Nataka kumshukuru. Naita, Sista. Maji yanafungwa. Anajifuta kwa kitambaa, anasema, ndiyo, mama, nakuja, nami namsubiri aseme mwalimu na hasemi, na naona bega lake likianza kugeuka kuelekea kwangu. Namwinamia mwanangu, ana joto, ananukia maziwa, ananyonya, na siinui macho kuona kama ana uso.